Kupoza na Kuponya: Habari za Tiba ya Baridi kwa Watoto Waliozaliwa Wamechoka

Katika wodi za wazazi za Tanzania wakunga wana msemo wao juu ya mtoto anayetoka tumboni mwa mamaye akiwa mlegevu, hana sauti, na rangi ya mwili wake imefifia. Husema kwamba mtoto amezaliwa amechoka. Msemo huu una huruma ndani yake, na una ukweli pia, kwa kuwa mtoto huyo amepita njia ngumu akiwa amepungukiwa na hewa. Mama anayeusikia hupata tumaini, maana mtu aliyechoka hupumzika, kisha huamka. Walakini si wote wanaoamka. Na katika hao wanaoamka wako ambao miezi hupita shingo isikaze, mwaka hupita wasiketi, na miaka hupita wasitamke neno. Hao huitwa watoto wenye mtindio wa ubongo, ingawa si kila mtindio hutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Tangu mwanzo wa karne hii nchi tajiri zimekuwa na tiba ya mtoto wa namna hiyo, na tiba yenyewe ni baridi. Mtoto hupozwa kwa siku tatu, kisha hurudishiwa joto lake polepole. Mjuzi wa Kiswahili hatalistaajabia jambo hili sana, kwa kuwa katika lugha yake neno kupoa lina maana ya kupungua moto, na lina maana ya kupata nafuu vilevile. Lakini lugha ni jambo moja na mwili ni jambo jingine. Kinachopoza si lazima kiponye, na habari za tiba hii zinaonyesha tofauti hiyo kwa gharama kubwa.

Habari hizo zinamhusu mtu wa Kidatu kama zinavyomhusu mtu wa London. Kidatu ni mji mdogo ulio mlangoni mwa bonde la Kilombero, pale Mto Ruaha Mkuu unapotoka milimani na kuingia katika uwanda wa miwa. Bwawa lake la umeme lilianza kazi mwaka 1975, na lina uwezo wa megawati 204. Umeme huo huingia katika gridi ya taifa, ukafika hata Dar es Salaam, ukawasha taa na mashine za hospitali zilizo mamia ya kilometa kutoka hapo. Mama wa Kidatu anayejifungua usiku ana haki ya kuuliza: katika maarifa mapya ya dunia juu ya ubongo wa mtoto, ni yapi yaliyo yake? Na dawa iliyothibitika London na Auckland, je, ni dawa pia kando ya Ruaha Mkuu?

Yafaa kwanza ufahamike ugonjwa wenyewe. Ubongo hauna ghala la kuwekea akiba ya hewa. Hewa unayoihitaji ni oksijeni, nayo huletwa na damu saa zote. Kwa mtoto aliye tumboni damu hiyo hupita katika kondo na kitovu. Kitovu kikibanwa, kondo likibanduka kabla ya wakati wake, uchungu ukirefuka kupita kiasi, au mfuko wa uzazi ukipasuka, njia hiyo huzibika. Mtoto huvumilia kwa kitambo, kisha mapigo ya moyo hupungua, misuli hulegea, na hatimaye hazaliwi na kilio bali na kimya. Baada ya saa chache huweza kupatwa na degedege, akashindwa kunyonya, akazama katika usingizi usio wa kawaida.

Daktari mmoja wa London, William John Little, aliwaeleza wenzake mwaka 1861 kwamba ulemavu wa viungo vilivyokakamaa kwa watoto una uhusiano na kuzaliwa kwa shida, kuzaliwa kabla ya siku, na kukosa pumzi. Maneno yake yalikubaliwa na wengi. Lakini mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye wakati huo alikuwa tabibu wa mishipa ya fahamu kabla hajapata sifa ya mambo ya nafsi, aliyatia shaka. Aliuliza kama kuzaliwa kwa shida si sababu bali ni dalili, yaani kwamba mtoto amekwisha kudhurika tumboni, na ndiyo maana anazaliwa kwa taabu. Mabishano haya ya watu wawili wa karne ya 19 yafaa yawekwe akilini, kwa sababu yalirudi tena katika siku zetu kwa namna ambayo wao wenyewe hawakuiwazia.

Mwaka 1952 Virginia Apgar wa New York alitoa kipimo chepesi cha kumtazama mtoto katika dakika ya kwanza ya maisha yake: moyo wake, pumzi yake, rangi yake, nguvu ya misuli yake, na namna anavyoitikia akiguswa. Tangu hapo mkunga wa Ulaya na mkunga wa Afrika wakawa na hesabu moja ya kupimia uchovu wa mtoto. Kipimo kilienea ulimwenguni, lakini tiba haikuwepo.

Kuhusu baridi, mambo yalianza vizuri yakaharibika. Katika miaka ya 1950 Björn Westin wa Sweden, pamoja na Mmarekani James Miller, waliwachukua watoto wachache ambao njia nyingine zote zilishindwa kuwafanya wapumue, wakawatumbukiza katika maji baridi mpaka pumzi ikaanza yenyewe. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1959. Baadhi ya watoto hao walipona. Lakini hapakuwa na watoto wengine wa kulinganisha nao, na haikujulikana kama walipona kwa sababu ya maji au pamoja na maji. Katika wakati uleule, mwaka 1958, William Silverman na wenzake wa New York walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wakiwekwa katika vyumba vya kioo vyenye joto zaidi, hufa kwa uchache kuliko wale wanaoachwa katika joto pungufu. Ushahidi wa Silverman ulikuwa wa hesabu, na wa Westin ulikuwa wa masimulizi. Baridi ikafukuzwa katika wodi za watoto kama adui.

Kanuni iliyobaki ni ile ambayo kila mkunga wa Kilombero anaijua: mtoto akaushwe mara moja, afunikwe, awekwe kifuani mwa mama. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtoto mchanga ambaye joto lake liko chini ya nyuzi 36.5 za sentigredi amekwisha kuingia katika baridi ya hatari. Kanuni hii haijafutwa na jambo lolote litakalosimuliwa hapa.

Lililofungua mlango upya ni ugunduzi wa miaka ya 1980. Osmund Reynolds na wenzake wa University College London walipata njia ya kutazama, kwa nguvu ya sumaku, jinsi ubongo wa mtoto aliye hai unavyotumia nguvu zake. Waliwatazama watoto waliokosa hewa wakaona jambo geni. Mtoto alipoanza kupumua, nguvu za ubongo wake zilirudi karibu na hali ya kawaida, na mtazamaji angedhani hatari imepita. Kisha, baada ya saa kadhaa, ingawa hewa ilikuwapo na damu ilikuwa ikipita, nguvu hizo zilianguka mara ya pili. Kadiri anguko la pili lilivyokuwa kubwa, ndivyo kifo au ulemavu ulivyofuata. Ilikuwa kama moto wa paa la makuti uliodhaniwa umezimwa, kumbe makaa yamebaki chini, na upepo ukivuma huwaka tena ukateketeza kilichosalia.

Kwa hiyo kati ya anguko la kwanza na la pili kulikuwa na nafasi, nayo ilikuwa ya saa sita hivi. Kama ubongo ungeweza kupunguziwa kazi katika nafasi hiyo, pengine makaa yangezimika. Marianne Thoresen alilijaribu jambo hilo kwa watoto wa nguruwe, na Alistair Gunn wa Auckland akalijaribu kwa wana-kondoo walio tumboni. Wanyama waliopozwa mapema walisalimika kuliko wasiopozwa, na waliocheleweshwa hawakupata faida. Ndipo majaribio ya watoto wa binadamu yakaanza. Mwaka 2005 yalitangazwa mawili: moja la watoto 234 waliopozwa kichwa kwa kofia yenye maji baridi, na moja la Seetha Shankaran wa Marekani, la watoto 208 waliopozwa mwili mzima. Mwaka 2009 likafuata la Uingereza, la watoto 325. Mwaka 2013 majaribio 11 yenye watoto 1,505 yalijumlishwa pamoja, ikaonekana kwamba katika kila watoto saba waliopozwa, mmoja aliokolewa na kifo au ulemavu mkubwa ambao ungempata.

Mmoja katika saba si idadi ya kudharauliwa mbele ya ugonjwa usiokuwa na dawa. Lakini masharti yake ni mazito. Kupoza kuanze kabla saa sita hazijapita tangu kuzaliwa. Joto la mwili lishushwe hadi nyuzi 33 au 34, lisipungue zaidi, likae hapo kwa saa 72. Kurudisha joto kuwe kwa nusu nyuzi hivi kila saa. Katika muda huo wote mtoto awe karibu na mashine ya kupumulia, damu yake ipimwe mara kwa mara, degedege lidhibitiwe, na muuguzi asiwe mbali naye. Baridi peke yake ni sehemu ndogo ya tiba hiyo. Sehemu kubwa ni nyumba na watu wanaoizunguka.

Afrika Mashariki haikungoja kuletewa habari. Mwaka 2007, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Margaret Nakakeeto na Nicola Robertson, pamoja na wenzao wa Uganda na Uingereza, walifanya jaribio ambalo ni la kwanza la namna yake katika mazingira ya uhaba. Mashine ya kupoza ni ya bei kubwa, basi wao walitumia chupa za mpira zilizojazwa maji ya bomba, zikapangwa chini ya mtoto kama godoro. Watoto 36 waligawanywa kwa kura. Kupoza kuliwezekana: chupa za maji zilishusha joto na kulishikilia mahali pake kwa saa 72, bila mashine ya fedha nyingi. Kama hesabu ingekomea hapo, chupa zingeweza kusambazwa katika kila hospitali ya wilaya, tangu Arua hadi Ifakara.

Hesabu haikukomea hapo. Katika watoto 21 waliopozwa, saba walikufa. Katika watoto 15 ambao hawakupozwa, alikufa mmoja. Jaribio lilikuwa dogo, na kura haikuyagawa makundi sawasawa, kwa hiyo wenyewe hawakudai kwamba baridi ndiyo iliyoua. Walichapisha matokeo yao mwaka 2008 wakasema kwamba jaribio kubwa linahitajika kabla ya tiba hii kuenezwa. Uaminifu huo ni jambo la kusifiwa katika historia ya utabibu wa Afrika Mashariki. Ni rahisi kutangaza chupa ya maji ya bei nafuu inayookoa ubongo, na ni vigumu kuandika kwamba chupa imefanya kazi yake lakini watoto hawakupona.

Jaribio kubwa lilifanyika baadaye, nalo halikuwa la Afrika. Kati ya mwaka 2015 na 2019 hospitali saba za India, Sri Lanka na Bangladesh ziliwapokea watoto 408 chini ya uongozi wa Sudhin Thayyil wa Imperial College London. Hapa hapakuwa na chupa za maji. Palikuwa na mashine za kupoza, vyumba vya uangalizi maalum, na mashine za kupumulia. Ilitazamiwa kwamba tofauti ya Kampala ingesahihishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2021: katika waliopozwa walikufa 42 kwa mia, na katika wasiopozwa walikufa 31 kwa mia. Kwa hesabu ya kifo na ulemavu pamoja, baridi haikuleta faida. Watafiti hao wakashauri kwamba tiba ya baridi isitolewe katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wako wanaopinga upana wa ushauri huo, wakitaja hospitali kubwa za Afrika Kusini zinazopoza watoto kwa uangalizi kamili. Lakini hata hao hawasemi kwamba mtoto apozwe mahali pasipo na uangalizi huo.

Kwa nini dawa moja iwe na nyuso mbili? Hapa ndipo Little na Freud wanaporudi. Inaelekea kwamba watoto wengi wa majaribio ya Ulaya walidhurika kwa pigo moja la ghafla karibu na kuzaliwa, na walikuwa wazima kabla yake. Kwa watoto wengi wa Kusini mwa Asia picha za ubongo zilionyesha madhara ya namna nyingine, ya polepole, yaliyoanza muda mrefu kabla ya mtoto kutoka. Kwao ile nafasi ya saa sita ilikuwa imekwisha pita tumboni, na saa ya hospitali ilikuwa ikihesabu wakati uliokwisha. Jambo la pili ni maambukizo. Huko Kampala, katika utafiti ulioongozwa na Cally Tann, ulionekana uhusiano kati ya ugonjwa huu wa ubongo na maambukizo ya bakteria. Na katika maabara ya Thoresen huko Bristol panya waliotiwa sumu ya bakteria kabla ya kukosa hewa hawakulindwa na baridi kama wenzao. Jambo la tatu ni safari, kwa kuwa wengi wa watoto hao walizaliwa kwingine wakaletwa. Kwa hiyo jina la ugonjwa lilikuwa moja, na ugonjwa haukuwa mmoja.

Bonde la Kilombero lilikuwa na sababu ya kulielewa jambo hili kabla ya mengine, kwa kuwa limekuwa shule ya majaribio ya dawa kwa muda mrefu. Mwaka 1949 Rudolf Geigy wa Basel, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, alifika Ifakara, ambako wamisionari Wakapuchini wa nchi yake walikuwa na hospitali. Mwaka 1957 ilianzishwa hapo maabara ya utafiti. Mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundishia wasaidizi wa utabibu wa vijijini. Maabara hiyo ilikua ikawa taasisi ya Kitanzania, na tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Katika kijiji cha Idete, katika bonde hilohilo, ilijaribiwa chanjo ya malaria iliyotungwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Chanjo hiyo ilikuwa imepata sifa Amerika ya Kusini, ambako malaria si ya kila siku. Idete malaria ilikuwa ya kila usiku. Matokeo ya mwaka 1994 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano yalionyesha kinga ya 31 kwa mia, na watu wengi walifurahi. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona faida. Kisha Ifakara ilijaribu chanjo hiyohiyo kwa watoto wachanga zaidi, ambao ndio waliohitaji kinga kuliko wote, na matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba haikuwakinga. Wakati uleule chandarua kilichotiwa dawa, kilichouzwa bondeni kwa jina la Zuia Mbu, kilikuwa kikiokoa watoto: utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kilihusiana na kupungua kwa vifo kwa 27 kwa mia kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Watu wa bonde waliona mambo mawili kwa pamoja. Chanjo ya kisayansi iliyosafiri kutoka mbali ilishindwa, na kitambaa cha kufunga juu ya kitanda kilifaulu. Kila kimoja kilipimwa pale kilipotakiwa kutumika, na bila kupimwa hapo hakuna ambaye angejua kipi ni kipi.

Funzo hilo likiletwa Kidatu, swali la mama wa usiku huanza kupata jibu. Kati ya Kidatu na Ifakara ni karibu kilometa 67. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na malori ya miwa yalikuwa yakikwama yakawazuia wengine. Siku hizi ina lami, na safari iliyokuwa ya saa nyingi imekuwa fupi. Hilo ni jema kubwa kwa mama mwenye uchungu uliokwama, anayehitaji kupasuliwa. Lakini kwa mtoto ambaye amekwisha kuzaliwa na hapumui, hata lami bora haitoshi. Yeye hana saa sita. Wala hana nusu saa. Kitakachomfaa lazima kiwe katika chumba kilekile alimozaliwa, na mikononi mwa mtu aliyemo humo.

Kitu hicho kipo, nacho si ghali. Ni kitambaa kikavu cha kumkausha na kumsugua mgongo. Na kama hajalia, ni kifuko cha mpira chenye barakoa ndogo cha kumpulizia hewa mapafuni, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika mambo mengi walisema kweli. Lakini hapa ndipo baraka yote ilipo katika haraka. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika Mkoa wa Manyara, watafiti wakiongozwa na Hege Ersdal waliwatazama watoto wakizaliwa, saa mkononi. Mwaka 2012 walieleza kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kumpa hewa mtoto asiyepumua iliongeza kwa 16 kwa mia hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuifundisha kazi hiyo kwa utaratibu. Mafunzo yalianza mwaka 2009 katika hospitali nane, chini ya Wizara ya Afya, pamoja na Georgina Msemo, Augustine Massawe na wenzao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa 47 kwa mia, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi baada ya kufa walipungua kwa 24 kwa mia. Jambo la mwisho hilo lina maana yake. Baadhi ya watoto waliokuwa wakiandikwa wafu hawakuwa wafu. Walikuwa wamechoka, na hapakuwa na mtu aliyejaribu kuwaamsha.

Hata hivyo Haydom ilitoa onyo jingine. Mwanzoni wakunga walifundishwa kwa siku moja. Walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri, lakini walipotazamwa kazini desturi zao hazikuwa zimebadilika. Ndipo ukaanzishwa utaratibu wa mazoezi mafupi ya dakika chache, kila mara, palepale wodini, mwanasesere akiwa karibu na kitanda cha kujifungulia. Baada ya hapo vifo vya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mkono husahau upesi kuliko kichwa, na cheti cha mafunzo hakimpulizii mtoto hewa.

Yote haya hayamaanishi kwamba mtoto wa Kidatu amehukumiwa kupata kilicho rahisi huku wengine wakipata kilicho bora. Hukumu ya namna hiyo ingekuwa dhuluma. Kilicho bora ni kile kinachomwacha mtoto akiwa hai na mwenye akili zake, na mpaka sasa, kwa mtoto wa mahali kama hapo, ushahidi uko upande wa pumzi wala hauko upande wa baridi. Hospitali za mbele nazo zina zamu yake. Tangu mwaka 2019 Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa mshiriki wa kazi ya kuimarisha wodi za watoto wachanga katika nchi kadhaa za Afrika, kwa vifaa vya kusaidia pumzi, oksijeni, joto na vipimo. Hiyo ndiyo nyumba ambayo siku moja tiba ya baridi ingeweza kujaribiwa ndani yake kwa haki. Kuitanguliza tiba hiyo kabla ya nyumba kusimama kungekuwa kuezeka paa juu ya hewa. Na mtu yeyote aliyesikia kwamba Ulaya hupoza watoto, akamwacha mtoto wake wazi au akamwekea chupa za maji baridi nyumbani au zahanatini, ataharibu kwa mkono wake kile alichotaka kukiokoa.

Wako pia wale ambao dakika yao ya kwanza imekwisha pita. Kwa hao hakuna kifuko wala mashine inayoweza kurudisha nyuma saa. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mama wa mtoto mwenye mtindio anaijua methali hii kwa mgongo wake. Mara nyingi husingiziwa. Huambiwa amevunja mwiko, au amerogwa, au ameleta laana katika ukoo. Historia iliyosimuliwa hapa ni shahidi wake. Ubongo wa mtoto wake ulikosa oksijeni, au ulidhuriwa na maambukizo, au ulipatwa na jambo jingine la mwili ambalo watu wenye elimu walibishana juu yake tangu mwaka 1861. Huko Kampala watafiti walewale waliowachunguza watoto hao hawakuishia katika kuhesabu vifo. Walianzisha vikundi vya wazazi, ambamo mama hufundishwa namna ya kumlisha mtoto asipaliwe, namna ya kumketisha, na namna ya kucheza naye, na ambamo humkuta mama mwingine mwenye mzigo kama wake. Hiyo nayo ni tiba, ingawa haina nyuzi za kupimia.

Takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba karibu watoto 81 katika kila 100 wa Tanzania huzaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Maana yake ni kwamba kwa wengi wao dakika ya kwanza haipiti tena gizani nyumbani. Hupita mbele ya mkunga, chini ya taa, na pengine taa hiyo inawashwa na maji ya Ruaha Mkuu. Kilichobaki ni kwamba kifuko kiwe mezani, kiwe safi, kiwe cha kipimo cha mtoto, na mkono unaokishika uwe umefanya mazoezi juma hilo, si mwaka uliopita. Mtoto aliyezaliwa amechoka akipata pumzi kwa wakati, huenda asihitaji kupozwa kamwe. Hukaushwa, hufunikwa, huwekwa kifuani mwa mamaye. Kisha hulia, na wodi nzima hushukuru.